Pasipoti ya Kwenda Fuerteventura

"Boyoma Mbili. Boyoma Mbili. Unanisikia?"

Redio ilikohoa. Isaïe Kataliko alisukuma mlango wa ofisi kwa kisigino, akavuta kiti, akashika maikrofoni.

"Nakusikia. Sema."

"Kuni moja murefu imeingia mu mji. Batu bataiwasha kesho. Tafuta iko wapi."

"Bataunguza nini?"

"Avion."

Hivyo tu. Na mtu mzima akaanza kulowa jasho saa mbili ya asubuhi.

Kuni ndefu, kwa lugha yao, ni kombora la kuwekwa begani. Mtu mmoja analibeba, mtu mmoja anafyatua, na ndege nzima inarudi chini vipande vipande. Aliyesema redioni ni Mama Colette. Mchana anauza vitenge sokoni, ana watoto wanne na mdomo mkali, na katika Kisangani yote iliyoshikwa na waasi hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye masikio ya Idara ya ujasusi ya serikali ya Kinshasa. Isaïe alikuwa mkono wake.

Na mkono huo mbele ya watu ulifanya kazi gani? Ulipangia watu likizo.

Usicheke. Au cheka tu, mji mzima ulishacheka kabla yako. Ni Julai 2001, vita viko mwaka wa tatu, mto umefungwa, petroli inauzwa kwa chupa, watu wanakula pondu, majani ya muhogo, bila chumvi. Wanande wenzake waliotoka Butembo wanauza sabuni na mafuta kwa jumla kama watu wenye akili. Yeye akapachika kibao mlangoni: BOYOMA VOYAGES. Waasi walimwona mpumbavu, wakampita. Nyuma ya ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani kulikuwa na redio ya Codan. Chini ya droo, bastola ya Browning.

Mteja wake wa kweli alikuwa mmoja.

Mteja huyo aliingia muda uleule, bila kubisha. Thierry. Mzungu mnunuzi wa almasi, mrefu, mwekundu wa jua, miwani ya Ray-Ban hata ndani ya nyumba. Miaka kumi yuko Kongo. Tangu mto ufungwe, wachimbaji wa Banalia na wa Opala hawakuwa na mtu mwingine wa kumwuzia ila yeye, na yeye alijua.

Kila wiki alikuja kupanga likizo yake. Fuerteventura, visiwa vya Kanari. Kisiwa cha volkano, mawe meusi, hakuna mti, upepo usiku na mchana. Watu wanakwenda huko, wanasimama juu ya ubao, wanajifunga kwa tiara kubwa kuliko paa la nyumba, upepo unawavuta juu ya maji na kuwarusha hewani. Kitesurf, ndilo jina lake. Watu wazima hao, wana wake na watoto!

Kwa miezi minne Isaïe alimwandikia mahoteli, akamtafutia majedwali ya upepo na ya maji kujaa, mpaka akaijua pwani ya kisiwa hicho kuliko barabara ya nyumbani kwake.

"Isaïe, ticket yangu unabadilisha," Thierry alisema. "Naenda kesho. Avion ya saa tatu."

"Kesho, patron? Tulisema tarehe makumi mbili."

"Kesho."

"Mais lagune itakuwa kavu. Unajua mwenyewe. Maji inaingia kama mwezi iko mupya. Inabakia siku munane."

Juu ya siku hizo, ambapo maji ya bahari hujaza wangwa wa pwani, walikuwa wamebishana saa nzima mwezi wa tano. Thierry alipiga meza, akasema hakuvuka nusu ya dunia ili akateleze juu ya matope. Sasa akainua mabega.

"Tant pis. Upepo iko. Na sac yangu?"

"Jana nilifanya papier Simi-Simi. Toleka ameisha kuileta kwako asubuhi."

"Bon. Kesho unakuwa protocole wangu, kama kawaida."

Akatoka.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa bluu, mrefu kumshinda mtu, ulioshushwa Simi-Simi, uwanja mdogo wa ndege wa mjini, na ndege ya mizigo kutoka Ulaya. Ubao mmoja na tiara mbili, ndivyo karatasi zilivyosema. Thierry alidai anataka kujaribu kwanza mtoni, juu ya maporomoko. Isaïe alijaza fomu kwa mkono wake: kilo kumi na mbili. Akafunga na kadi ya jina, hoteli na kisiwa. Lakini hakuunyanyua. Mikono yake ilikuwa imejaa mihuri.

Kosa hilo alilijua dakika tano baadaye, Faustin alipoegesha baiskeli yake na kuanguka kwenye ngazi ya mlango.

"Papa Isaïe, maji."

Faustin ni toleka. Anapakia watu kwa baiskeli, nyuma kuna mto wa sponji, na katika mji usio na petroli yeye ndiye teksi. Miaka hamsini, ndiyo maana Isaïe humwita yaya, kaka mkubwa; miguu ya chuma.

"Nini, yaya Faustin? Unagonjwa?"

"Sac ya mundele wako. Nilishuka chini, nikasukuma kinga, hii baiskeli yangu, tangu Simi-Simi. Batu bote bananicheka."

Isaïe aliacha kumimina maji.

Toleka wa Kisangani hashuki. Anapakia mama mnene, mtoto mgongoni mwa mama, gunia la ndizi za makemba juu ya magoti ya mama, na anakanyaga akipiga mluzi. Kushuka na kusukuma ni aibu, wenzake watamwimbia wiki nzima.

"Iko kilo kumi na mbili," Isaïe alisema polepole.

"Kumi na mbili ya nani? Hata makumi tatu inapita. Na kati-kati iko nguvu, kama bomba ya chuma."

Mtu aliyesusa maji yake ya likizo. Mfuko uliomshusha toleka. Isaïe aliona mambo hayo mawili yakisogeleana. Leo, Jumatano, hakuna ndege inayotoka. Ijumaa, kuni ikiwa imewaka, hakutakuwa na uwanja wa kutokea. Kwa mtu anayetaka kuwa mbali, imebaki Alhamisi saa tatu.

Alirudi kwenye redio.

"Mama Colette. Kuni iko kwa Thierry. Kesho nani anashuka aéroport ya Bangboka?"

"Saa ine, avion ya Goma. Wajumbe sita. Banakuja kutia signature mto ufunguliwe."

"Mto ikifunguka, wanunuzi wengine banapanda na bateau. Thierry anaisha."

"Eeh. Na ndani kuko pia commandant wa waasi wa hapa, anarudi nyumbani. Avion ikianguka, basoda bake batasema ni Kinshasa. Vita inarudi palepale."

"Goma bazuie avion."

"Tutapitia kwa nani? Redio ya tour, kule banaongoza avion, iko ya waasi. Tukisema neno, batatushika siye kwanza, Thierry atatuma salamu." Karatasi zilichakarika. "Kuko na wafanyabiashara pia. Nasoma liste... Kavugho Simone, mizigo, ballots ine..."

Isaïe aliweka maikrofoni mezani. Colette aliendelea kusoma peke yake.

Kavugho ni dada yake mdogo. Ndiye aliyebaki. Mama yao aliuawa na bomu la mwezi wa sita mwaka uliopita, hapahapa mjini, akiwa jikoni. Isaïe alimzika haraka, mizinga ikiwa bado inalia. Kavugho alikuwa Butembo. Ndege zikakatika, barabara ikafungwa, mwaka mzima ukapita bila yeye kuliona kaburi la mama yake. Kila mara alipopata redio alimwambia kaka yake neno moja tu: nitafutie nafasi.

Na nafasi hiyo, Isaïe alimtafutia mwenyewe; aliahidiwa ya Jumamosi, hakujua kwamba wameisogeza Alhamisi. Alisumbua watu majuma matatu. Aliposikia imepatikana alinunua bia mbili za Primus akanywa peke yake kwa furaha.

Sasa alitamani kujipiga makofi.

Saa nane ya mchana alikwenda nyumbani kwa Thierry na karatasi za hoteli mkononi, eti zinataka sahihi. Macho yake yalizunguka kila pembe. Mfuko haukuwepo. Mlinzi, aliyependa kusema, alisema Cyprien ameuchukua kwa jeep.

Cyprien alikuwa mwanajeshi zamani. Sasa ni mtu wa kazi chafu za Thierry. Pori la kuzunguka Bangboka linatosha kuficha vikosi vitatu, sembuse mtu mmoja. Mahali penyewe anapajua Cyprien na anapajua Thierry, basi. Na Thierry ana walinzi wanane wenye Kalashnikov.

Isaïe alirudi ofisini akafungua faili la likizo. Akaligeuza ukurasa kwa ukurasa. Upepo. Maji. Hoteli. Ndege.

Akarudi ukurasa wa kwanza.

Pasipoti.

Lazima nikueleze jambo hili kama hujawahi kusafiri kwetu. Mkubwa wa Kongo hapangi foleni uwanja wa ndege. Ana protokole wake. Anampa pasipoti, tiketi, kadi ya chanjo, kisha anakwenda zake kuketi baa. Protokole ndiye anayekimbia dirisha hadi dirisha, anabishana, anachekesha, anagongewa mihuri, halafu anamjia mkubwa wake na kila kitu tayari. Miaka kumi Thierry hajawahi kujibebea karatasi zake. Alikuwa amezoea vibaya.

Alhamisi. Saa moja na nusu. Bangboka.

"Passeport, ticket, carte jaune," Thierry alisema. Alimkabidhi vyote bila kumtazama. Dereva wake alikwisha kugeuza gari kurudi mjini. "Unafanya haraka."

"Weye kunywa kahawa, patron."

Isaïe alianza na uhamiaji. Muhuri. Afya. Muhuri. Usalama. Muhuri. Mizigo. Muhuri. Alifanya kila kitu kwa usafi, kwa sababu alikuwa protokole mzuri, ukweli usemwe. Kisha akapita mlango wa nyuma, akaingia ghala la mizigo, akakalia gunia la mchele.

Akangoja.

Hiyo ndiyo kazi iliyomtesa kuliko zote. Hakuna risasi, hakuna mbio. Kukaa tu, na pasipoti ya mtu mfukoni, huku dada yako yuko angani.

Saa tatu kasoro dakika tano injini za Let-410 ziliwaka.

"Isaïe!" Sauti ya Thierry ilitoka upande wa baa. "Isaïe, merde!"

Saa tatu. Mlango wa ndege ukafungwa.

Saa tatu na dakika sita. Ndege ikapaa.

Isaïe alijipangusa suruali, akatoka.

Thierry alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, shingo imemvimba. "Avion imeenda! Passeport yangu iko wapi?"

"Iko na miye. Keti, patron."

"Unakuwa fou, kichaa?"

"Keti. Basoda banatuangalia." Isaïe alitabasamu kwa ajili ya askari wale, akashusha sauti. "Cyprien iko mu pori na ile sac ya bleu. Saa ine avion ya Goma inashuka. Ikianguka, commandant anakufa. Hawa basoda unaona hapa, yeye ndiye anabalisha. Batatafuta mutu. Batakuta sac, na juu ya sac kuko étiquette. Niliandika miye mwenyewe. Jina yako. Hôtel yako. Île yako, Fuerteventura. Na weye uko hapa, katikati yabo, bila passeport."

Rangi ya jua ilimtoka Thierry usoni kote.

"Weye ni nani?"

"Protocole wako. Ita Cyprien."

Thierry alichomoa Motorola, redio ya mkononi. "Cyprien. Cyprien, réponds." Mlio wa upepo tu. "Cyprien!"

Akaishusha.

"Nilimwambia azime saa tatu," alinong'ona. "Nilisema, baada ya saa tatu asisikie mutu. Hata miye."

Hapo Isaïe aliogopa. Sikufichi, aliogopa kabisa. Mpango wake wote ulisimama juu ya redio moja, na redio ilikuwa imekufa.

"Iko wapi?"

"Kilomètre kumi na ine. Plantation ya zamani ya ngazi, ile miti ya mafuta, upande wa kushoto."

Bangboka iko kilomita kumi na saba kutoka mjini. Tatu za kurudi nyuma. Kulikuwa na jeep ya askari nje, lakini askari wangepiga kwanza na kuuliza baadaye, na kwa muda huo ndege ingekuwa imekwisha kuungua. Saa ya Isaïe ilisema saa tatu na dakika kumi na nane.

Nje, Faustin, aliyemleta asubuhi, alikuwa amelala juu ya baiskeli yake, kofia usoni.

"Yaya Faustin! Pakia mundele. Kilomètre kumi na ine. Mbio zote."

"Huyu? Anapita sac yake."

"Dada yangu iko mu avion inakuja. Batu banataka kuiangusha."

Faustin hakuuliza neno la pili. Isaïe alimpokonya baiskeli toleka mwenzake aliyekuwa karibu, akapiga kelele kwamba atairudisha, wakaondoka.

Ungewaona ungefikiri ni sarakasi. Muzungu wa almasi juu ya mto wa sponji, miguu mirefu inakwaruza mchanga, amemkumbatia Faustin kiunoni kama bibi arusi. Nyuma yake mpanga likizo, tai inapepea begani. Kwenye kizuizi cha kilomita kumi na sita askari walicheka mpaka wakasahau kuomba karatasi.

"Shusha kamba, tupite!" Isaïe aliwaambia. "Patron tumbo inamuendesha!"

Wakacheka zaidi. Kamba ikashuka.

Mnyororo wa Isaïe ulichomoka mara moja. Aliurudisha kwa vidole, akakata kidole gumba, akaendelea. Mbele ya kilomita kumi na nne kuna mlima mfupi wa changarawe. Faustin alisimama juu ya pedali, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakushuka.

"Hapa," Thierry alisema.

Wakatupa baiskeli kwenye majani, wakaingia njia ya miguu. Migazi, yaani michikichi, mizee pande zote, magugu yamefika kifuani. Saa tatu na dakika arobaini na tatu. Bado robo saa na ushei, Isaïe alijiambia. Bado kuna nafasi.

Ndipo akausikia mngurumo.

Mbali, mzito, kutoka mashariki. Antonov. Ndege za mizigo za enzi ile hazikuwa na adabu ya saa. Zilichelewa siku mbili au zilikuja mapema, na hii imekuja mapema.

"Kimbia!"

Walitokea kwenye uwazi. Cyprien alikuwa katikati, mita sitini mbele yao, amewapa mgongo. Mfuko wa bluu ulikuwa wazi miguuni pake. Kamba za tiara zimemwagika juu ya nyasi, na ubao hakuna. Begani alikuwa na bomba refu la kijani, linaelekea mawinguni.

"Cyprien!" Thierry alipasua sauti. "Arrête! Usipige! Ni miye!"

Cyprien aligeuza kichwa. Alimwona bosi wake anahema, amelowa, mtu asiyemjua yuko kando yake na mkono ndani ya koti. Alifikiri kidogo. Kisha akatikisa kichwa.

"Ulisema hata weye, patron," alijibu, akarudisha jicho kwenye bomba.

Askari mzuri. Ndiyo shida ya askari wazuri.

Antonov ilitokea juu ya miti, nyeupe, magurudumu yameshuka. Bomba likaanza kulia, ule mlio mwembamba wa kombora linaposhika joto la injini.

Isaïe alifyatua Browning akikimbia. Risasi ya kwanza ilipasua mgazi. Ya pili ikaenda isikojulikana. Akasimama. Akavuta pumzi, na kuivuta pumzi hiyo kukamchukua mwaka mzima. Mama jikoni. Kavugho na ballots zake nne.

Risasi ya tatu.

Paja la Cyprien lilikatika chini yake. Aliangusha goti, bomba likainama, kidole chake kikavuta.

Moto ulitoka kwa kishindo. Kombora lilipita chini ya migazi, likakata majani, likazama kwenye kinamasi cha upande wa pili na kupasuka. Ardhi iliruka. Isaïe alirushwa chali, matope ya moto yakamnyeshea. Juu yake tumbo la Antonov likapita, kubwa, zito, zima kabisa, likiyumba kidogo. Likapotea juu ya miti kuelekea uwanjani.

Alicheka. Alilia pia, kwa wakati mmoja. Hakukuwa na wa kumwona.

Kulikuwa na mmoja. Alipofuta macho, Thierry alikuwa amesimama juu yake na ile Browning iliyomdondoka.

"Passeport yangu."

"Mu mufuko wa koti."

"Toa polepole."

Isaïe alianza kuitoa polepole. Hakuwa na haraka, kwa sababu Faustin alikuwa anatoka nyuma ya mgazi na pampu ya baiskeli, ile ndefu ya chuma. Pampu ilitua juu ya kiwiko cha Thierry. Mfupa ukalia. Pampu ikatua mara ya pili, shingoni, na likizo ikaisha.

"Nilikuwa na deni ya hasira na ile sac," Faustin alisema akihema.

Waliwafunga wote wawili kwa kamba za tiara. Kamba nyembamba, lakini zinabeba mtu mzima hewani. Isaïe alizisoma zote kwenye katalogi. Paja la Cyprien alilikaza kwa mkanda wake mwenyewe ili asimalize damu. Browning akairudisha kotini, bomba akaliacha palepale. Mfuko akaugeuza, kadi ya jina ikatazama juu.

Mbali, jeep ya askari ilisikika barabarani. Walikuwa wameuona moshi.

Isaïe alichuchumaa mbele ya Thierry aliyekuwa anafumbua macho. Akampachika pasipoti katika mfuko wa shati, akaupapasa.

"Kila kitu iko en ordre, patron. Cachet ine, mihuri yote."

Wakazunguka kwa nyuma ya kinamasi, wakafika barabarani jeep ikiwa imekwisha kuingia porini. Isaïe alitoa Motorola yake.

"Mama Colette. Kuni imezimika."

Alimsikia anashusha pumzi. "Na mwenyewe, Thierry?"

"Iko na basoda."

"Atataja jina yako, Isaïe. Wakimfinya kidogo tu. Toka leo. Pirogue iko inakungojea beach ya Wagenia, unavuka, unaenda Opala. Saa hii hii."

"Nipe masaa mbili."

"Juu ya nini?"

"Nipe masaa mbili, mama."

"Mbili. Isipite."

Kavugho alikuwa nje ya uwanja, amekalia mzigo wake mmoja, mitatu mingine imepangwa mbele yake. Mnene kidogo kuliko zamani. Kilemba cheusi. Alipomwona hakuinuka.

"Yaya, ndiyo saa ya kuja hii? Weye unapokea bazungu kila siku, dada yako unaacha mu jua!"

"Toleka ilituangusha mu matope."

"Naona. Mutu mukubwa." Akatema mate kwa kidole, akamfuta shavu kama alivyofanya mama yao, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. "Butembo wananiuliza, kaka yako anafanya nini Kisangani? Nawaambia anapangia batu vakansi. Mu vita! Nasikia haya, Isaïe, aibu, nakuambia kweli."

"Najua."

"Mama alisikia haya pia."

Hilo lilimwingia. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na jua lilikuwa linakwenda.

"Ballots zako batazilinda hapa," alisema. "Twende kwa mama."

Faustin aliwapeleka, Kavugho juu ya mto wa sponji, Isaïe kwa baiskeli ya kuazima. Makaburi yako kando ya barabara hiyohiyo, kabla ya kuingia mjini. Msalaba wa mbao, jina kwa rangi nyeupe. Kavugho alisimama mbali kidogo. Kisha akapiga magoti, akaweka mikono yote miwili juu ya udongo, akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima.

Isaïe alitazama saa. Dakika kumi na tano. Dakika kumi.

Jeep ilipita barabarani mbio, kuelekea mjini. Askari sita. Hawakutazama makaburini. Isaïe alishuka goti moja nyuma ya msalaba mpaka vumbi likatulia, na alipoinua macho Kavugho alikuwa ameacha kulia, anamtazama.

Aliangalia matope. Aliangalia kidole chenye damu. Aliangalia koti lilivyolemea upande mmoja.

"Wakati avion inashuka," Kavugho alisema, "kitu ya moto ilipita chini yetu. Wajumbe wakaanza kusali. Pilote akasema aliona mutu anataka kutuua, na mutu mwingine anamukataza."

Isaïe alikunja kidole chenye damu ndani ya kiganja.

"Ilitoka upande wa migazi. Matope ya pale iko nyeusi hivi?"

"Kavugho."

"Siulizi kitu." Sauti ilimkatika, akaikaza. "Weye unapangia batu vakansi. Ndiyo nitasema. Butembo, hapa, popote." Alimshika mkono ule wenye damu, akaubana kwenye shavu lake. "Nilikusema vibaya mbele ya mama. Unisamehe."

"Hakuna kitu ya kusamehe."

"Basoda bale banakutafuta?"

"Bado. Nusu saa tena."

"Basi unangojea nini? Enda, yaya. Miye nabaki naye."

Faustin alikuwa amegeuza baiskeli tayari. Isaïe alimbusu dada yake kwenye kilemba, akafunga kifungo cha koti, akashika njia ya mtoni. Hakukimbia. Nyuma yake alimsikia Kavugho ameanza kung'oa magugu kaburini, anamsimulia mama yao kwa Kinande kazi ya kweli anayofanya mwanawe.